Kazi ya Baruti Timboni: Tuulize Kabla ya Kumpeleka Mtoto

Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Katika mkutano wa kikundi kimoja cha kina mama upande wa Likoni, mama mmoja aliomba mkopo kwenye mfuko wa kikundi. Mwanawe amepata kazi timboni, na si kazi ya kupakia kokoto, ni ya "kumsaidia mtu wa baruti". Pesa yake ni nzuri kuliko kibarua cha kawaida. Alitaka mkopo wa viatu, nauli na kodi ya chumba cha mwezi wa kwanza. Wenzake walikuwa tayari kukubali. Mwekahazina akanigeukia: "Mwalimu, mbona wewe umenyamaza?"

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, nitaieleza mbele. Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole. Penye swali msimame mzungumze, kisha mwendelee.

Sisi wa Pwani tunaishi juu ya mawe. Upande wa Kisauni kwenda Bamburi ni mawe ya matumbawe. Yaliyo laini huchongwa kwa shoka na msumeno, na nyumba zetu nyingi zimejengwa kwayo bila hata chembe ya baruti. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na mashimo yaliyobaki nyuma yake yalikuwa jangwa jeupe mpaka mwaka 1971, mivinje ilipoanza kupandwa humo. Leo watoto wa shule hupelekwa pale kutazama viboko na kobe. Ukipanda kutoka Changamwe, ukapita Miritini hadi Mazeras, jiwe linabadilika: ni jiwe la mchanga, lile linalotandikwa kwenye nyua za wenye uwezo. Mahali jiwe ni gumu na linatakiwa kwa wingi, kwa kokoto ya barabara au ya zege, ndipo baruti huitwa.

Kazi huenda hivi. Wachimba tundu hutoboa mwamba kwa mashine, matundu kwa mistari. Fundi wa baruti huyajaza, akatia fataki. Sisemi zile fataki za sikukuu. Hii ni kijichuma chembamba kama kalamu, mara nyingi kina nyaya mbili, nacho ndicho kinachoiamsha baruti. Mdomo wa tundu huzibwa kwa changarawe ili nguvu iingie ndani ya mwamba isitoke juu. Kisha king'ora kinalia, watu wanaondolewa, kila njia inawekwa mlinzi mwenye bendera nyekundu. Fundi analipua akiwa mbali, mahali penye kinga. Baadaye moshi ukiisha (moshi ule una sumu, na ukiwa na rangi ya machungwa ni mbaya zaidi) yeye ndiye anayetangulia kukagua. Wengine wanarudi akishasema ni salama, si kabla.

Mmeona jinsi nilivyosema "fundi, fundi, fundi"? Ni kwa makusudi. Sheria ya Kenya ya baruti, Sura ya 115, haimruhusu mtu yeyote tu kununua, kuweka wala kutumia baruti. Lazima awe na kibali cha serikali, na anayelipua lazima awe mtu aliyepimwa akapewa kibali cha kazi hiyo kwa jina lake. Kibali si cha kampuni nzima, wala hakiambukizi kwa kufanya kazi karibu na mwenye nacho. Kwa hiyo neno "kumsaidia" linahitaji kuulizwa sana. Kumsaidia kubeba bendera ni kitu kimoja. Kumsaidia kushindilia baruti tunduni ni kitu kingine kabisa.

Swali la kwanza: Katika kijiji chenu kuna mtu anayefanya kazi timboni? Anaitwa nani kazini kwake, na mikono yake hasa inafanya nini?

Watu wengi hudhani hatari kubwa ni ule mshindo. Lakini wakati wa mshindo kila mtu anatakiwa kuwa mbali. Hatari nyingine kubwa ni tundu lililokataa. Matundu ishirini yamewashwa, kumi na tisa yamelipuka, moja limelala. Waya ulikatika, au maji ya mvua yaliingia, au liliunganishwa vibaya. Mwamba umepasuka, vumbi limetua, lori linasubiri, msimamizi anaangalia saa. Na chini ya kifusi kuna baruti nzima na fataki yake, inangoja sululu ya mtu.

Fundi aliyefunzwa huhesabu. Hungoja, mafundi wengi hungoja nusu saa au zaidi, kisha hukagua tundu kwa tundu. Akipata lililokataa hulizungushia alama, huwazuia watu wote, hulishughulikia mwenyewe. Halichokolewi kwa chuma. Halitobolewi tena pale pale, hata lile linaloonekana tupu, kwa kuwa chini yake panaweza kubaki masalio. Fundi huyo huyo huacha kazi mbingu zikianza kunguruma, maana radi yaweza kuiwasha fataki. Haruhusu sigara, na penye fataki za umeme haruhusu simu wala redio ya mawasiliano. Nyakati za masika huku kwetu hiyo ina maana ya siku nzima bila kazi, na siku bila kazi ni siku bila pesa kwa kibarua. Hapo ndipo watu hushawishika.

Sasa sababu yangu ya kunyamaza. Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua ya kumpendekeza kijana mmoja apate kazi katika timbo moja, nje ya Mombasa. Alikuwa kijana mwadilifu, mtoto wa mwanakikundi wetu, na barua niliandika kwa furaha. Sikuuliza atafanya nini. Mwezi wa nne alitumwa kusafisha kifusi kabla fundi hajakagua. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia na jicho moja likaingia giza. Msimamizi alimpeleka hospitali, akalipa gharama ya siku ile, akaiachia familia pesa kidogo "ya pole". Familia ikashukuru. Mimi pia nilishukuru, ndiyo aibu yangu. Tulipokuja kuelezwa kwamba ile pole haikuwa haki yake, ilikuwa imepita miezi kumi na sita.

Shikeni hapa, kwa sababu hapa ndipo tulipopotea. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Haijali kama mkataba wako umeandikwa au ni wa mdomo, wala kama unalipwa kwa siku au kwa kazi uliyomaliza. Kibarua naye ni mfanyakazi. Ukiumia, umwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi (mimi nasema kwa maandishi, na mbaki na nakala). Mwajiri anatakiwa kuiarifu idara ya serikali ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Kama mtu amekufa, ndani ya saa 24. Mtu asiyeweza tena kufanya kazi kabisa hulipwa kiasi cha mapato ya miezi 96. Aliyepoteza kiungo hulipwa kwa kadiri daktari alivyopima hasara yake. Lakini dai lazima lifike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Miezi 12, si 16.

Msitegemee mwajiri peke yake. Nendeni wenyewe kwenye ofisi ya idara hiyo hapa Mombasa mkaulize kama ajali imeandikishwa. Mkiambiwa haipo, iandikisheni siku hiyo hiyo. Wekeni barua ya hospitali, majina ya walioona, na ushahidi wowote wa malipo, hata ujumbe wa pesa kwenye simu.

Swali la pili: Mwanakikundi akiumia kazini leo, nani kati yenu ataandika tarehe? Daftari liko wapi?

Jambo jingine linawahusu hata wasiofanya kazi timboni, hasa wazazi. Watoto hupenda kuokota. Fataki iliyoanguka inang'aa, ina nyaya nzuri za kutengenezea motokaa ya kuchezea. Mtoto akiona kitu kama hicho asikiguse, asikitupie jiwe, amwite mkubwa. Na mkubwa asikibebe kupeleka kwa chifu, bali aweke mtu wa kulinda na kuita polisi. Na ninyi jamaa za wavuvi mnajua baruti ikitoka timboni kwa mlango wa nyuma huenda wapi. Wenzetu wa Tanzania waliupiga marufuku uvuvi wa baruti tangu 1970, na bado kwa miaka mingi mishindo iliendelea kusikika baharini. Ile baruti hailengi changu wala tasi. Inaua wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja matumbawe wanamozaliana, na mvuvi mwenyewe wakati mwingine harudi na mikono yake. Stoo nazo ni suala. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, kemikali ya aina inayotumika kutengenezea baruti na mbolea, tani 2,750 hivi, ililipuka bandarini na kuua watu zaidi ya 200. Ilikuwa imekaa ghalani miaka mingi, na watu wa mtaa hawakuwa na habari.

Turudi kwa mama yetu wa Likoni. Nilipomaliza kuwasimulia habari ya yule kijana, kikundi kiliahirisha mkopo kwa wiki moja. Mama na mwanawe walitumwa timboni na maswali matatu: Mwenye kibali cha kulipua ni nani, na kibali chake kiko wapi? Kijana atagusa baruti au fataki? Baada ya mlipuko, nani huingia kwanza? La kwanza walijibiwa vizuri, wakaonyeshwa karatasi. La pili msimamizi alisema, "Kidogo tu, akishazoea." La tatu alisema hayo wawaachie wenye kazi.

Kijana sasa anapakia kokoto katika timbo jingine, kwa pesa ndogo kuliko ile, na mkopo alipewa wa viatu na kitambaa kizito cha kuziba pua, kwa ajili ya vumbi. Mama yake bado ana kinyongo nami kidogo. Ameniambia wazi kwamba ile tofauti ya pesa ingemlipia mdogo wake karo ya muhula.

Swali la mwisho, na msilijibu haraka: Kama mama huyu angekuwa wa kikundi chenu, mngempa mkopo wa kazi ile ya kwanza? Na kama mngemnyima, karo ya yule mdogo mngeitafuta wapi?