Dawa nusu inachagua mbegu mbaya

Ndugu wakulima wa Mavivi, maharagwe yenye kushinda ugonjwa shambani ndiyo tunaweka mbegu. Dawa nayo inachagua. Ukimeza nusu, vidudu dhaifu vya malaria vinakufa. Vyenye kuishinda dawa vinabaki, vinazaana, na mbu anavipeleka kwa jirani. Ndivyo klorokini ilivyopoteza nguvu, mpaka Kongo ikaiacha mwaka 2001. Tangu 2005 tunapewa artesunati pamoja na amodiakini: kidudu chenye kuponyoka dawa moja, ya pili inakiua. Dozi ni siku 3. Homa ikishuka siku ya pili, tusifichie mtoto mwingine vidonge. Tuvimalize. Mtoto huyo akiugua, apimwe kwanza kwenye kituo cha afya.