Kitabu cha Mtoto wa Chula

Babu yangu ni mzaliwa wa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayu. Nyumbani alisema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Shuleni akafunguliwa kitabu cha Kisomali.

Ugomvi wa vitabu hivyo ulikuwa mrefu. Wengine walitaka herufi za Kiarabu, wengine za Kirumi, wengine zile alizozibuni Osman Yusuf Kenadid. Mwaka 1972 serikali ya Siad Barre ilikata shauri: za Kirumi. Ndipo Kisomali kikaanza kushika mahali pa Kiitaliano na Kiingereza madarasani. Kwa mtoto wa Kisomali ilikuwa heri kubwa, sikatai. Mtoto wa Chula alibadilishiwa lugha ngeni kwa ngeni nyingine.

Katiba ya mwaka 2012, kifungu cha 31, yaahidi kukuza lahaja za jamii ndogo. Babu asema kitabu cha Kibajuni kikimfikia, atakisoma hata bila miwani.