Yoga ya joto: jasho lina faida gani?

Swali: Je, yoga ya chumba chenye joto inashinda ile ya kawaida?

Jibu: Si kwa kila jambo. Mtindo mmoja wa yoga ya joto, Bikram, una mikao 26 inayofanywa kwa dakika 90 kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Viungo hulegea upesi, lakini utafiti wa Texas wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mishipa ya damu ilinufaika hata kwenye nyuzi 23.

Kwa akili kuna matumaini: utafiti wa Boston wa mwaka 2023 ulikuta dalili za sonona zikipungua baada ya wiki 8 za yoga ya joto.

Je, jasho husafisha sumu mwilini? Hiyo ni kazi ya ini na figo.

Mjamzito na mgonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza. Anayeanza anywe maji mapema, na akihisi kizunguzungu atoke nje.