Viumbe wa Chini ya Mawe na Hali ya Maji ya Kijito

Maji ya kijito hupita, na uchafu hupita pamoja nayo. Kiwanda kikimwaga taka usiku wa manane, mpimaji afikaye asubuhi na chupa yake huenda asikute dalili yoyote. Lakini wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, waishio chini ya mawe, hawana pa kukimbilia. Baadhi yao hukaa humo miezi mingi kabla ya kuota mbawa na kuruka. Kwa hiyo madhara ya majuma yaliyopita husomeka katika aina za waliosalia.

Elimu hii ilianza kuwekewa utaratibu huko Ujerumani, ambako Kolkwitz na Marsson walichapisha, mwaka 1908 na 1909, orodha za mimea na wanyama kwa kadiri ya uchafu wa maji wanayoishi.

Kiini chake ni oksijeni. Bakteria waozeshao maji taka huitumia kwa wingi, na viumbe waihitajio sana ndio hutangulia kutoweka. Wa kwanza ni wachanga wa wadudu wa oda ya Plekoptera, watambulikanao kwa mikia miwili. Wachanga wa Efemeroptera kwa kawaida wana mikia mitatu, na matamvua yao yamejipanga ubavuni mwa tumbo. Wale wenye miili bapa, wa familia ya Heptagenidi, hudhurika upesi, ilhali baadhi ya Baetidi ni wavumilivu. Mwishoni husalia minyoo na funza wekundu wa Kironomidi. Wekundu huo ni himoglobini, dutu ya jinsi ya ile iliyomo katika damu ya binadamu, nayo huwawezesha kunasa oksijeni iliyo haba. Hata hivyo funza mmoja mwekundu si ushahidi, kwani Kironomidi wamo hata katika maji safi. Kinachoshuhudia ni kukosekana kwa wenzao.

Vifaa vyake ni vyepesi: wavu wenye mpini, sinia jeupe, kibano na lenzi ya mkono. Mmoja hushika wavu upande yanakoelekea maji, mwingine hukoroga mawe kwa mguu kwa dakika 2, kisha vilivyonaswa humiminwa siniani. Wanafunzi wavae mabuti ya mpira na wasiingie miguu mitupu, kwa kuwa konokono wa kichocho nao huishi katika maji hayohayo. Baada ya kutambuliwa, viumbe hurudishwa.

Katika mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS, toleo la 5, kila kundi hupewa alama kati ya 1 na 15. Lililo jepesi kudhurika hupata nyingi. Mathalani, juu ya kijiji wamepatikana Perlidi wa Plekoptera (12), Heptagenidi (13), wachanga wa kereng'ende wa familia ya Gomfidi (6), viluwiluwi vya usubi (5) na kaa (3). Jumla ni 39. Ikigawanywa kwa makundi 5, wastani ni 7.8. Chini ya kijiji wamepatikana ruba (3), Kironomidi (2), minyoo (1) na viluwiluwi vya mbu (1): jumla 7, wastani 1.75. Tofauti hiyo yatosha kuwafanya wanafunzi waufuate ukingo hatua kwa hatua, wakitafuta mahali hasa alama zinapoporomoka.

Tanzania nayo ina mfumo wake, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na kujengwa juu ya ule wa Afrika Kusini.

Ulinganisho uwe wa haki. Kijito cha mawe cha Uluguru hakilinganishwi na Msimbazi wa mchanga karibu na bahari, wala sampuli ya kiangazi na ile iliyochukuliwa mara baada ya mafuriko, ambayo huwakokota viumbe hata pasipo sumu yoyote. Tena alama nyingi hazimaanishi kwamba maji yanafaa kunywewa: vijidudu vya kipindupindu haviwadhuru wadudu hawa, na maji yenye Plekoptera tele bado yapasa kuchemshwa.