Nani Hugawa Anwani za Intaneti?

Muhula uliopita tulikuwa wanafunzi arubaini katika chumba cha kompyuta, kila mmoja akifungua ukurasa ule ule wa mazoezi ya hisabati. Mara ukurasa ukatufungia, ukasema kwamba maombi mengi mno yametoka katika anwani moja. Tulishukiwa ukorofi, na hali hapana aliyeufanya. Nikaona yanipasa kuijua hiyo anwani moja.

Kila mtambo ulio katika intaneti hauna budi kuwa na namba, ili mingine ijue pa kupeleka majibu. Namba za namna ya zamani, ambazo bado zatumika sana, zina sehemu nne, na kila sehemu huanzia 0 hata 255. Zidisha 256 kwa 256, kisha mara mbili tena, utapata 4,294,967,296. Zilipopangwa mwaka 1981 zilionekana nyingi. Leo watu wa dunia wamepita bilioni 8, na wako wenye simu mbili mbili.

Kwa hiyo skuli yetu imefanyiwa kama sanduku la posta. Barua zote huja kwa namba moja, kisha karani husoma majina na kuzigawa. (Barua hazitujii sana siku hizi, lakini mfano ungali mzuri.) Karani wa intaneti ni kile kijisanduku chenye taa ukutani. Hukumbuka nani ameuliza nini, na jibu likija humpelekea mwenyewe. Aliye nje huona namba moja tu, basi watoto arubaini huonekana mtu mmoja mwenye pupa.

Ama nani azigawaye namba hizo? Juu kabisa iko ofisi iitwayo IANA, ambayo kazi yake kwa miaka mingi iliongozwa na Jon Postel wa California, hata alipofariki mwaka 1998. Chini yake ziko ofisi tano za kanda. Afrika zamani ilikuwa ikiomba kwa ofisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2005 ikapata yake, AFRINIC, iliyoko Ebene, kisiwani Mauritius. Kampuni za simu na intaneti huomba huko, kisha hutupa sisi. Kazi ya AFRINIC yafanana na ya sheha: nyumba si zake, lakini daftari la nani akaa wapi ni lake.

Tarehe 3 Februari 2011 ghala ya IANA ilikwisha. Kila kanda ilipewa fungu moja la mwisho, anwani 16,777,216. Kanda nyingine zilimaliza upesi, Afrika ikabakiwa na akiba kwa kuwa ilichelewa kuzitumia, na akiba hiyo ikatamaniwa. Mwaka 2019 ilibainika kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamehamishwa katika daftari kwa njia zisizo za haki. Baadaye AFRINIC ilitaka kurudishiwa anwani zaidi ya milioni 6 kutoka kwa kampuni moja iliyosajiliwa Shelisheli, ikidai kwamba zinatumika nje ya kanuni. Kampuni ikakataa, wakaenda mahakamani. Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa, hata mishahara ikawa shida. Mwaka 2023 mahakama ikaweka msimamizi, na uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa. Bodi mpya ilipatikana Septemba 2025. Mimi naona ni ajabu kwamba daftari la bara zima liliweza kukaa miaka bila ya mwenye kauli.

Dawa ya upungufu ipo nayo. Namba za namna mpya, ziitwazo IPv6, idadi yake ni kama 340 ikifuatwa na sifuri 36. Kila daftari la mazoezi katika skuli hii lingeweza kupewa yake, na zikabaki.

Nilimwuliza mwalimu wetu kama kijisanduku chetu chaweza kuzipokea. Tulitazama pamoja, tukaona chaweza, ila kampuni inayotupa intaneti haijazileta. Mwalimu ameiandikia, nasi twangoja jibu.