Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Chuki Huanza na Jina



Ndugu zangu katika imani, leo tuvuke mpaka kidogo hadi kwa jirani zetu wa Rwanda, kuna darsa kubwa pale.

Mwaka 2013 shirika la Aegis Trust, linaloendesha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, Kigali, lilianza na wenzake mpango wa elimu ya amani. Waliona siyo kila mtu atafika Kigali. Basi wakatengeneza maonyesho ya kutembezwa wilayani: mabango yenye picha na simulizi za watu halisi. Watu wanatazama, wanasoma, kisha wanakaa wanajadiliana.

Wanafundishwa nini? Kwamba mauaji yale hayakuanza na panga. Yalianza na maneno.

Gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, likawa linawapaka matope Watutsi toleo baada ya toleo. Julai 1993 ikaja redio ya RTLM. Ilipiga muziki ambao vijana waliupenda, ikatia na mzaha. Watu wakaizoea. Katikati ya mzaha ule, Mtutsi akaitwa "inyenzi", yaani mende. Sasa jiulize, mende akionekana nyumbani anafanywa nini? Miezi tisa tu baada ya redio ile kuanza, mwezi Aprili 1994, mauaji yakaanza. Katika siku 100 hivi, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, waliuawa watu zaidi ya 800,000. Wengi waliuawa na majirani waliowajua kwa majina.

Baadaye wenye gazeti na redio walifikishwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa, hapa hapa Arusha. Desemba 2003 watatu walitiwa hatiani. Mmoja wao ni mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze. Ndiyo, jina la kwetu, na alikuwa Mwislamu. Baada ya rufaa mwaka 2007 alibaki na kifungo cha miaka 35. Jina zuri halikumzuia, kwa sababu ulimi haukufunga.

Lakini darsa lina upande wa pili. Kule Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali yenye Waislamu wengi, wapo waliowaficha Watutsi majumbani mwao, Waislamu na wasio Waislamu, huku wakijua wakikamatwa wanauawa pamoja nao. Sote tunaijua aya ya 32 ya Suratul Maida, inayotufundisha kuwa aliyeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Sisi tunaisoma, wale waliiishi. Na hawakuwa na silaha. Walichokuwa nacho ni kwamba lile jina la mende lilikataa kuingia moyoni. Wao waliona jirani tu, mtu waliyepeana naye futari na chumvi.

Ndugu zangu, Suratul Hujurat aya ya 11 imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na Abu Dharr (R.A.), sahaba mkubwa, alipomkashifu mtu kwa mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia wazi kuwa bado ana chembe ya ujahiliya ndani yake. Akiambiwa hivyo Abu Dharr, mimi na wewe ni nani?

Sasa turudi kwenye simu zetu. Leo redio iko mfukoni. Inaingia sauti fupi inayobeza kabila fulani, au picha ya kuchekesha watu wa dini nyingine, au maneno kwamba wakimbizi wote ni wezi. Tunacheka, tunasambaza kwenye kundi la familia, kisha tunakwenda kuswali tarawehe. Jamani, hiyo ni saumu gani? Tumefundishwa kuwa asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na kidole kinachosambaza kina hukumu ile ile ya ulimi.

Na asiseme mtu, "Mimi sikutunga, nimepitisha tu." Chuki ya Rwanda haikubebwa na watunzi peke yao. Ilibebwa na kila aliyesikia, akacheka, akamsimulia mwenziwe.

Kazi ya leo ni tatu:

1. Kabla ya kusambaza ujumbe unaowataja watu wa kundi fulani, jiulize: ningeusoma mbele yao?
2. Ukiukuta kwenye kundi, mwambie mwenzako kwa upole, tena faraghani, kwamba haufai.
3. Leo jioni mpelekee futari jirani ambaye si wa kabila lako au si wa dini yako. Wapeleke watoto, wajifunze.

Ewe Mola wetu, tusafishie ndimi zetu na nyoyo zetu, utujaalie kuwa kimbilio la majirani zetu, wala usitufanye sababu ya khofu yao. Amin.

Tukutane darsani baada ya Alasiri, inshaAllah.