SOMO: BIMA YA MIFUGO NA GHARAMA ZA TIBA

Mfugaji wa Mbinga hupata fedha za kahawa kwa msimu, na mwenzake wa Mbamba Bay hutegemea usipa na muhogo. Lakini ugonjwa wa mnyama haungoji msimu. Ng'ombe wa maziwa akishikwa na ndigana kali, siku chache za kutafuta fedha zatosha kumpoteza.

Yafaa mambo mawili yatenganishwe. Bima ya mifugo kwa kawaida hulipa mnyama anapokufa. Hailipi kila sindano. Kabla ya kutia sahihi, mwanachama aulize: Je, kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Magonjwa gani hayamo? Homa ya nguruwe imo? Ugonjwa huo hauna tiba, nao waweza kumaliza banda zima. Madai yatahitaji hati gani ya afisa mifugo, na katika siku ngapi?

Gharama za tiba zahitaji mfuko wa chama. Wanachama 30 wakichanga shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka hupatikana shilingi 720,000. Fedha hizo zikopeshwe kwa maandishi, zirejeshwe kahawa ikilipwa, na hesabu zisomwe mkutanoni.

Hata hivyo, kuogesha mifugo ili kuua kupe, pamoja na chanjo, ni nafuu kuliko tiba.

Maswali ya kujadili:
1. Mnyama gani wa mwanachama astahili bima kwanza?
2. Nani atunze daftari la mfuko, na nani amkague?